Nusu Dakika ya Kimya

Karatasi ililetwa siku ya tisa baada ya maziko, saa nne asubuhi, na dereva wa kampuni ya filamu. Pamoja nayo alileta boksi la biskuti lililofungwa utepe, utadhani kuna mtu amefaulu mtihani. Alikaribishwa kiti akakataa. Alisema ameagizwa asirudi bila sahihi, na gari ameliacha linanguruma chini kwa sababu likizimwa haliwaki tena mpaka lisukumwe.

"Kalizime," Mama alimwambia. "Wa kusukuma hawakosekani. Hii mimi nitaisoma."

Mama ndiye aliyemzaa marehemu. Kabla ya hapo aliishi na huyo marehemu; tangu maziko alikuwa akikaa hapa kwa binti yake, kwenye nyumba ya ghorofa ya pili, juu ya duka la kutengeneza simu. Alikuwa amestaafu kazi ya ukarani wa mizani, kule malori yanakopimwa kabla ya kuruhusiwa kupita. Miaka thelathini na mmoja aliandika uzito wa mizigo ya watu, na katika miaka hiyo yote hakutia sahihi uzito ambao hakuuona kwa macho yake. Wenye malori walimchukia na kumheshimu kwa kiasi kilekile. Sasa alivaa miwani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaanza kuisukuma rula chini taratibu, mstari kwa mstari.

Mkwewe alikuwa amekaa mkabala naye. Mafundi wenzake wa filamu walimwita Sikio, kwa sababu kazi yake ilikuwa kurekodi sauti, na kwa sababu aliweza kukwambia friji ya jirani imeharibika kabla jirani mwenyewe hajajua. Tangu polisi walipofunga ghala walimokuwa wakipigia picha, hakuwa na kazi. Siku zote hizo alishinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havijaharibika.

Rula ilisimama.

"'Marehemu alivua mkanda wa usalama kwa hiari yake,'" Mama alisoma kwa sauti, "'bila kuelekezwa na mtu yeyote, na hivyo ajali hiyo ilitokana na uzembe wake mwenyewe.'" Alivua miwani. "Uzembe."

"Hiyo ni lugha ya kiofisi tu, Mama," Sikio alisema.

"Lugha ya kiofisi naijua, baba. Nimekula mshahara wake mpaka meno yameng'oka. Uzembe maana yake ni uzembe."

Marehemu alikuwa kitindamimba wa Mama, kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa taa. Walimwita Ngazi, kwa kuwa siku nzima alikuwa juu ya kitu. Utotoni alikuwa anarudi kutoka nusu ya njia kwenda kuhakikisha kama mlango amefunga. Ukubwani aliwachekesha watu kwa jinsi alivyokagua mtungi wa gesi mara tatu kabla ya kulala. Mtu wa namna hiyo akiandikwa mzembe, mama yake hawezi kumeza, hata umpe maji ya kusukumia.

"Mwambie bosi wako nitakuja mwenyewe Jumatatu," Mama alimwambia dereva. "Anieleze nani aliyemwona mwanangu akivua huo mkanda kwa hiari yake."

Dereva alikaa, kwa kukosa la kufanya, akafungua boksi la biskuti alizozileta mwenyewe, akala tatu. Baadaye Sikio na vijana wawili wa duka la simu waliteremka kumsukumia gari.

*

Polisi walikuwa wamemuuliza Sikio siku ileile ya ajali. Aliwaambia alikuwa ameinamia mashine yake, kofia za masikio za kusikilizia sauti zikiwa kichwani, akainua kichwa baada ya kishindo. Kila neno lilikuwa kweli. Hakusema uongo. Waoga wengi hawasemi uongo. Wanaishia pale wanapoona panatosha, na sisi wengine tunaondoka tukidhani tumeambiwa yote.

Jumamosi mchana, Mama alipokuwa amelala baada ya chakula, Sikio alimwita mkewe chumbani. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Siku hiyo alikuwa na zamu ya jioni, na tayari alikuwa amevaa sare. Alimkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, mashine ya kurekodi magotini, ameshika kofia za masikio kwa mikono miwili.

"Nini tena?"

"Vaa usikilize."

"Sikiliza nini? Nachelewa."

"Vaa, tafadhali. Nikikueleza kwa mdomo nitaanza kujitetea."

Mkewe alizivaa. Hakujua kilichorekodiwa ni nini, kwa hiyo afadhali tueleze. Mafundi wa sauti wana desturi yao. Tukio likishapigwa picha, wanaomba watu wote wanyamaze, wasisogee, na wanarekodi ule utupu wenyewe kwa nusu dakika. Wanauita kimya cha chumba. Kila chumba kina kimya chake, na bila hicho mhariri hana cha kuzibia nyufa kati ya maneno. Hakuna anayeipenda hiyo nusu dakika. Watu wana njaa, miguu inawaka, na eti wasimame kama milingoti ili mtu mmoja arekodi hewa. Sikio alikuwa na huruma. Siku hiyo chakula kilikuwa kimefika, akawaambia wote waende, yeye atabaki na Ngazi peke yake, maana taa zilipaswa kuendelea kuwaka. Taa nazo zina mvumo wao. Walibaki wawili ghalani, mmoja chini mezani kwake, mwingine futi ishirini na tano juu, kwenye jukwaa la mabomba na mbao.

Mkewe alisikia kwanza sauti ya mumewe, karibu kabisa, kwenye kipaza kile kidogo anachotumia kutaja namba za matukio.

"Kimya cha chumba, tukio la arobaini na mbili." Kisha ti, ti, ti, chuma juu ya chuma. "Ngazi! Kuna kitu kinagonga huko juu."

Sauti ya mdogo wake ikatoka mbali, yenye mwangwi. "Ni kulabu ya mkanda, shemeji. Nikipumua tu inagonga bomba."

"Usipumue basi."

Walicheka wote wawili.

"Hapana, kweli, ivue kidogo nimalize. Twende tukale."

"Niivue?"

"Nusu dakika tu. Kwani utacheza ngoma huko?"

"Haya." Kitu kilifyatuka. "Nimeivua. Unasikiaje?"

"Safi kabisa."

Baada ya hapo palikuwa kimya, mvumo wa taa tu, mpana, usio na mwisho. Katika sekunde ya kumi na tisa ubao ulilia. Mtu alisema "Ah," kwa sauti ndogo, kama aliyekumbuka jambo alilosahau nyumbani. Mkewe alizitoa kofia kichwani kwa nguvu, lakini hakuwahi. Alikisikia kishindo.

Alikaa chini, sakafuni, na sare yake ya kazi.

"Nani mwingine amesikia hii?"

"Hakuna. Mashine ni yangu, nilirudi nayo. Hawajaniuliza."

"Ifute."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimejaribu mara mbili. Nafika pale anapocheka, nashindwa."

Mkewe aliupangusa uso kwa kiganja, ingawa ulikuwa mkavu. Hakuwa amelia tangu maziko. Alikuwa wa kuwapokea watu, wa kutandika na kupakua, na aliyeshika shughuli kilio chake husubiri.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Hukumsukuma. Hukutaka afe. Hilo nalijua mimi, wala huhitaji kuniapia. Lakini ukitoka hapa ukasema, polisi hawataki kujua ulitaka nini. Watakuweka ndani. Mimi nimemzika mdogo wangu, halafu nikupeleke na wewe? Na Mama je? Anakaa kwako, anakula kwako, dawa unamnunulia wewe. Ataendaje kuishi na mtu ambaye…" Hakumalizia.

"Lile neno linamuua."

"Halimuui. Linamuumiza. Maumivu yanazoeleka." Alisimama, akajikung'uta. "Asiyekuwepo na lake halipo. Tuliopo ni sisi. Jumatatu mwambie Mama atie sahihi, yaishe."

Alikwenda kazini. Zamu nzima alipiga pasi mashuka ya watu wasiomjua, akayakunja pembe kwa pembe, na wenzake wakasema huyu mama amejikaza kwelikweli, Mungu amempa moyo. Ukweli ni kwamba alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke juu ya nani. Alimpenda mumewe. Jioni hiyo alimpenda na hakutaka kumwona.

*

Jumapili, kwenye chai ya asubuhi, Mama aliuliza swali ambalo kwa siku zote hizo alikuwa akilizunguka.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mwisho kabisa alisema nini?"

Sikio alitazama kikombe chake. Mkewe, aliyekuwa akikata mkate, aliacha kukata.

"Tulikuwa tunaongea habari ya kwenda kula, Mama."

"Alikuwa na njaa, basi."

"Ndiyo."

"Asubuhi ile aliondoka bila kunywa chai. Nilimwambia." Mama alikirudisha kipande chake cha mkate kwenye sahani, na hakukigusa tena. "Hata hivyo ahsante. Umenipa kitu."

Sikio aliondoka mezani akaenda msalani kufungua bomba la maji. Alikaa huko hadi ndoo ikafurika.

*

Jumatatu walikwenda watatu, Mama, Sikio na mkewe. Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya nne. Mlinzi wa mlangoni alimfahamu Sikio kwa miaka kumi na miwili, na kila siku walitaniana kuhusu mpira. Safari hii alimsukumia daftari la wageni.

"Andika na unachokuja kufanya," alisema, akitazama pembeni.

"Wewe, leo hunijui?"

"Nimeagizwa, ndugu yangu. Usinitafutie balaa."

Katika nafasi ya shughuli, Sikio aliandika "msiba". Mlinzi alisoma, akakohoa, akawafungulia lifti.

Waliwekwa kwenye korido kwa dakika hamsini, chini ya bango la filamu hiyohiyo, ambapo mwigizaji mkuu alikuwa amekunja ndita na kushika bunduki ya bandia. Wafanyakazi walipita na vikombe vyao vya kahawa. Wengine walisalimia kwa kichwa, wengine waligundua ghafla kwamba wanatafuta kitu kwenye simu. Mama alikaa wima, mkoba mapajani, karatasi ndani ya mkoba. Gauni lake binti yake alikuwa amelipiga pasi mpaka mishono ikanyooka.

Ofisini kwa Meneja kulikuwa na viti viwili vya wageni. Walikuwa watatu. Meneja alisema ataagiza cha tatu, akasahau, na Sikio akasimama ukutani kikao chote, mfuko wa mashine begani.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda wiki hizi mbili. Ghala lilikuwa la kukodi, mwigizaji mkuu alikuwa na mkataba mahali pengine mwezi ujao, na kibali cha kuendelea hakingetoka mpaka faili la ajali lifungwe. Watu arobaini na sita walikuwa nyumbani bila kazi. Yote hayo aliyaeleza kwa upole, akimwita Mama "mama yangu" kila baada ya sentensi mbili.

"Na hatumsahau kijana wetu," alisema. "Mwisho wa filamu jina lake litatokea. Peke yake, kwenye weusi mtupu."

"Litakaa muda gani?" Mama aliuliza.

"Samahani?"

"Jina. Litakaa muda gani?"

Meneja alifikiri. "Kama sekunde nne hivi. Tano."

"Nashukuru," Mama alisema, na ilionekana anashukuru kweli. Alitoa karatasi akaiweka mezani. "Shida yangu ni mstari mmoja. Hapa mmeandika bila kuelekezwa na mtu yeyote. Nani aliyeshuhudia?"

"Mama yangu, uchunguzi wetu wa ndani…"

"Mimi nilikuwa karani wa mizani, mwanangu. Lori likija, dereva ananiambia amebeba tani kumi. Simbishii. Namwambia tu, panda juu ya mzani. Sasa na wewe nakuomba, nipandishie mtu mzanini. Nani alimwona?"

Meneja aliinua macho akamtazama Sikio. Kumbe naye alikuwa akitegemea hapo hapo.

"Aliyekuwepo ni mkwe wako, mama. Na alipohojiwa na polisi hakutaja lolote zaidi ya hilo. Si ndiyo, Sikio?"

Mama aligeuka kitini. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini haukuwa na shaka yoyote.

"Basi nimemaliza," alisema. "Mkwe wangu, sema wewe. Ukisema alivua tu mwenyewe, nitaamini, na kalamu ninayo hapa. Mtu wa nyumbani hanidanganyi."

Mke wa Sikio hakugeuka. Aliitazama meza ya Meneja, na mkono wake mmoja, ulioning'inia kando ya kiti, ulikuwa ukimpungia mumewe kidogokidogo: hapana, hapana, hapana. Sikio aliuona. Alifikiri habari ya polisi, na kodi ya nyumba, na kwamba baada ya leo hakuna kampuni itakayomwita tena. Mambo hayo yote aliyapima, na kila moja lilikuwa zito. Lakini alikuwa amesimama mbele ya mwanamke aliyekuwa tayari kumwandika mwanawe mzembe kwa sababu ya neno lake.

"Nilimwambia mimi," alisema.

"Ulimwambia nini?"

"Aivue. Kulabu ilikuwa inagonga, inaniharibia sauti. Nikamwambia aivue. Ninayo hapa."

Meneja alikuwa amekwishasimama. "Ngoja, ngoja kwanza. Kitu chochote kilichorekodiwa eneo la kazi ni mali ya kampuni. Kikao tukiahirishe, tuwaite wanasheria…"

"Sauti ya mwanangu si mali ya kampuni," Mama alisema. "Kaa chini."

Meneja alikaa.

Sikio aliiweka mashine mezani, juu ya mafaili, akachomoa kofia za masikio ili isikike kwa wote. Alimwonya Mama kwamba kabla ya kile kimya atazima, hatamsikilizisha ya mwisho. Mama alitikisa kichwa kukubali. Chumba kilijaa ule mwangwi wa ghala. Ti, ti, ti. Vijana wawili walitaniana, wakacheka. Niivue? Nusu dakika tu. Nimeivua. Unasikiaje? Safi kabisa. Hapo Sikio akabonyeza, ikazima.

Uso wa Mama haukubadilika. Alishika kingo za mkoba.

"Rudisha nyuma," alisema. "Pale aliposema niivue."

Alirudisha. *Niivue?* ilisema sauti ya mwanawe, ya mtu mwangalifu, aliyezoea kurudi mlangoni.

"Tena."

*Niivue?*

"Aliuliza," Mama alimwambia Meneja. Machozi yalikuwa yakimshuka wala hakuyapangusa. "Umesikia? Aliuliza kwanza. Mzembe haulizi."

"Nimesikia, mama," Meneja alisema, kwa sauti ndogo.

Mama alifungua mkoba, akatoa kalamu na rula. Aliilaza rula juu ya ule mstari, akaukata kwa mchoro mmoja ulionyooka. Pembeni, kwa mwandiko wa mviringo uliowasumbua wenye malori kwa miaka thelathini na mmoja, akaandika: *Aliuliza kwanza. Aliambiwa aivue na*. Kalamu ikasimama.

Aliinua kichwa akamtazama mume wa binti yake, aliyekuwa bado amesimama ukutani. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayeonekana kwa mara ya kwanza dirishani kwa karani.

"Jina lako kamili," alisema.

"Mama…" Sikio alianza.

"Jina kamili, tafadhali. La kwanza, la baba na la babu."

Sikio alilitaja neno moja moja, polepole, akingojea kila neno liandikwe. Kwenye la pili Mama hakusikia vizuri, akamwomba alirudie, naye akalirudia. Ndipo mkewe, aliyekuwa amejikaza siku zote zile, alipoinamia meza ya watu na kuanza kulia kwa sauti, na kalamu ikaendelea mpaka jina la tatu likakamilika.